Mchumba karudi na mkataba wa Paris

Anti, shikamoo.

Mimi ni mwalimu wa Historia katika sekondari moja ya serikali mkoani Morogoro, nina miaka 31. Mchumba wangu ni mhadhiri msaidizi wa falsafa, yuko Dar es Salaam na anasomea uzamivu. Huu ni mwaka wa 5 tuko pamoja. Kwetu anajulikana. Posa ilishaletwa, mshenga ameshakaa sebuleni kwetu mara tatu, mahari ikatajwa na nusu yake ikalipwa. Kilichobaki kilikuwa kupanga tarehe na kutafuta ukumbi.

Mwaka jana alikwenda Ufaransa miezi 6 kwa ajili ya utafiti wake. Alirudi na begi la nguo na begi la vitabu, na la vitabu ndilo lililokuwa zito. Wiki ya pili akanikalisha chini, akasema hataki tuwe na ndoa kama za watu wote. Akanisimulia habari za Jean-Paul Sartre na Simone de Beauvoir, wanafalsafa wawili wa Ufaransa, mwanamume na mwanamke: kwamba walikuwa pamoja zaidi ya miaka 50 bila kuoana, kwamba mapenzi yao wao kwa wao yalikuwa "ya lazima", na kila mmoja alikuwa huru kuwa na mapenzi mengine "ya kupita", mradi wasifichane kitu. Akasema kwake mimi ndiye wa lazima. Anti, sikufichi, neno hilo lilinifurahisha kama dakika nzima. Halafu nikauliza, kwani huyo wa kupita ameshapatikana? Akajibu, "Tusijadili watu, tujadili kanuni."

Nikamwambia, hiyo si ndiyo mitala? Akakasirika. Mitala, anasema, ni mfumo dume kwa sababu mwenye ruhusa ni mume peke yake, lakini huku mwanamke naye ana uhuru uleule. Sawa. Ila mimi huo uhuru nautumia saa ngapi? Nina vipindi 26 kwa wiki na madaftari ya mikondo minne. Jumamosi na Jumapili nashinda na tasnifu yake: nanyoosha Kiingereza, napanga tanbihi, nakagua marejeo. Nafasi yangu ya uzamili niliipata miaka miwili iliyopita, nikaiahirisha, tukakubaliana tumalize kwanza ya kwake. Mwaka huu chuo kimeniandikia tena kuniuliza kama bado naitaka. Fomu ya kuomba uhamisho wa kuja Dar nimeshaijaza, iko kwenye droo inasubiri cheti cha ndoa niambatishe.

Wenzangu wa kikoba niliwagusia kidogo tu. Walicheka mpaka mmoja akamwaga chai. "Mchepuko ni mchepuko," wakasema, "hata ukisomewa kwa Kifaransa." Mama sijamwambia.

Kinachonichanganya ni hiki. Nimekitafuta kile kitabu kikubwa cha huyo Beauvoir, Jinsia ya Pili, nikakipata kwa Kiingereza na nimesoma kama kurasa 100. Zipo kurasa nilizohisi kama mtu amechungulia dirishani kwangu. Sasa mwanamke aliyeyaandika hayo ndiye huyohuyo aliyekubali mkataba ule? Kama yeye na akili zake zote alikubali, mimi ni nani nikatae? Mwenzangu ananinukulia maneno ya huyohuyo mama, kwamba mtu hazaliwi mwanamke bali hufanywa, ili kunionyesha kuwa wivu wangu nimefundishwa tu na unaweza kunitoka nikifundishwa upya.

Na jingine naona aibu kuliandika. Mimi nataka harusi. Nataka shela, nataka mama yangu apige vigelegele. Je, ninawasaliti wanawake?

Mwalimu wa Historia


Marahaba, mwanangu.

Nimefundisha Kifaransa sekondari miaka 31, yaani umri wako mzima, na nimewaona vijana wetu wakirudi kutoka Paris na mengi: skafu shingoni kwenye joto la Dar, kahawa isiyo na sukari, mazoea ya kushusha pumzi kabla ya kujibu swali. Wa kurudi na mkataba ni huyu wako wa kwanza. Nilicheka, unisamehe, nikaacha kucheka nilipofika kwenye ile droo.

Nianze na mkataba, maana amekusomea kifungu kimoja akakunja karatasi. Ilikuwa Oktoba 1929. Beauvoir ana miaka 21, Sartre ana 24. Wamekaa kwenye benchi la mawe karibu na jumba la Louvre, na Sartre anasema, tuandikishane mkataba wa miaka miwili. Neno alilotumia ni la upangaji, lile ambalo mtu huandikishana na mwenye nyumba. Miaka miwili wawe karibu kadiri wawezavyo, kisha kila mmoja aende zake kwa muda, nchi za mbali ikibidi, halafu wakutane tena. Maneno ya lazima na ya kupita yalikuwa ya Sartre pia. Kifungu kilichofuata kilikuwa kutodanganyana na kutofichana chochote. Kwa hiyo jambo lenyewe lilianza kama pango la miaka miwili la vijana wawili ambao hawakuwa na mshenga, wala wazee waliokwisha kula chakula cha posa, wala nusu ya mahari mezani.

Kabla ya benchi kulikuwa na kitu kingine, na hicho ndicho ningependa mhadhiri wetu akikaribie. Miezi michache nyuma wote wawili walikuwa wamefanya agrégation, mtihani wa taifa wa kuchuja walimu, mgumu hasa. Sartre alikuwa wa kwanza, na alikuwa anaurudia baada ya kufeli mwaka uliotangulia. Beauvoir akawa wa pili, na mpaka siku hiyo hakuna aliyekuwa ameufaulu katika falsafa akiwa na umri mdogo kama wake. Ndiyo kusema ajira ya serikali na mshahara kwa jina lake. Baba yake alikuwa amefilisika na alishawaambia mabinti zake kwamba hawataolewa kwa kuwa hawana mahari, itabidi wafanye kazi. (Kwa Wafaransa wa tabaka lile mahari ilitoka kwa msichana kwenda kwa mume. Wasimulie hilo wajomba zako uone watakavyoshika vichwa.) Alichokisema baba kwa fedheha ndicho kilichomfungulia binti mlango. Yule aliyeketi kwenye benchi alikuwa na kazi yake ya ualimu inayomngoja. Hakuwa amesimamisha masomo yake ili ya mtu mwingine yaishe.

Sasa sikiliza lililotokea mwaka 1931, wewe mwenye fomu ya uhamisho. Beauvoir alipangiwa Marseille, kusini kabisa baharini, na Sartre akapangiwa Le Havre, kaskazini. Nchi nzima ikawa katikati yao. Beauvoir akaingiwa na hofu. Sartre akamwambia, basi tuoane, kwa kuwa wizara huwaweka pamoja walimu wenye ndoa. Unaona, kumbe uhamisho wa kumfuata mwenza haukuanza na fomu yako. Aliyependekeza ndoa alikuwa mwanamume, aliyeikataa alikuwa mwanamke. Akaenda Marseille peke yake. Siku ambazo hana vipindi alipanda milima ya huko amevaa gauni kuukuu na viatu vya kamba, na kikapu cha ndizi na mikate mkononi, kilomita kwa kilomita. Mwaka uliofuata wakamsogeza Rouen, kituo cha karibu na Le Havre kwa treni. Mimi kila nikifika hapo katika kumbukumbu zake huwa namwona mwanamke anayejaribu kama miguu yake inambeba. Ilimbeba.

Huyo ndiye aliyekubali mkataba. Akili zake zilikuwa nyingi, ndiyo, lakini usisahau hali aliyokuwa nayo, na "hali" ndilo neno lake mwenyewe analolirudia kitabu kizima.

Kuna upande ambao mikahawani hausimuliwi. Hao "wa kupita" walikuwa watu wenye majina na usingizi wao wa kukosa. Baadhi walikuwa wanafunzi wa Beauvoir mwenyewe. Bianca Lamblin alikuwa mmoja wao, msichana wa sekondari, ambaye alikuwa mpenzi wa mwalimu wake na kisha wa Sartre pia. Mwaka 1940, mwaka Wajerumani walipoingia Paris, wakaachana naye, na yeye alikuwa Myahudi. Aliyaandika hayo kitabuni mwaka 1993, bado yanamuuma. Mwaka 1943 Beauvoir aliondolewa kazini baada ya mama wa mwanafunzi mwingine kulalamika. Mimi na wewe ni walimu, hatuhitaji mtu atufafanulie hapo pana nini. Yeye mwenyewe baadaye aliandika kwamba liko swali walilolikwepa kirahisi, yaani yule mtu wa tatu ataishije na mpango wao. Hilo ndilo swali ulilouliza wewe katika dakika ya pili, bila kusoma hata ukurasa, na ukaambiwa tujadili kanuni.

Nitasimama hapo kidogo. Mkataba wa benchi ulikuwa na sharti la kutofichana. Wewe umeuliza swali moja, yupo au hayupo, na hukujibiwa. Mkataba ulivunjwa kabla wino haujakauka, na aliyeuvunja ndiye aliyeuleta. Hili mwambie hivyohivyo. Ni mwanafalsafa, ataelewa.

Kuhusu wivu. Mwaka 1945 Sartre alikwenda New York, akapata mwanamke huko ambaye Beauvoir katika kumbukumbu zake anamwita M. tu. Sartre aliporudi akawa anamsimulia, ndiyo, sharti ni kutofichana, mpaka siku moja Beauvoir akamuuliza waziwazi: nani ana uzito zaidi kwako, M. au mimi? Akajibu kwamba M. ana nafasi kubwa sana kwake, lakini niko hapa nawe. Beauvoir anaandika kwamba pumzi zilimkata. Huyo ndiye mama wa Jinsia ya Pili, zaidi ya miaka 15 baada ya benchi. Kama wivu ni somo la kufundishwa likafutika, basi yeye hakulifuta. Mwaka 1947 naye akampata Nelson Algren, mwandishi wa Chicago, na barua alizomwandikia kwa Kiingereza, zaidi ya 300, zimechapishwa. Anamwita mume wangu. Anamwahidi kwamba atakuwa mtulivu, ataosha vyombo, atafagia. Na miezi hiyohiyo mezani kwake kuna mswada unaosema kazi za nyumbani ni adhabu isiyo na mwisho, kile ambacho sisi tungekiita kutwanga maji kwenye kinu. Simsimangi kwa hilo. Nilipozisoma zile barua ndipo nilipompenda kweli, maana mpaka hapo nilikuwa namheshimu tu. Algren alitaka abaki Marekani awe mke. Akakataa, kazi yake ilikuwa Paris. Alipozikwa mwaka 1986 katika makaburi ya Montparnasse aliwekwa pamoja na Sartre, na kidoleni amevaa pete ya Algren. Mpe mwenzako hiyo aipangie kanuni.

Na kabla sijaacha maisha ya watu, suala la karatasi, maana wewe una mahari nusu na hili linakuhusu. Mwaka 1965 Sartre alimwasili kisheria msichana mmoja, Arlette Elkaïm. Alipofariki Aprili 1980, mwenye haki juu ya kazi na nyaraka zake alikuwa Arlette. Beauvoir, aliyesoma na kusahihisha miswada ya Sartre kwa miaka 51, kisheria hakuwa na lolote la kusema. Wa lazima hakuwa na karatasi. Hata mitala anayoidharau mwenzako ina uwazi wake: Sheria yetu ya Ndoa ya 1971 inataka ijulikane tangu mwanzo kama ndoa ni ya mke mmoja au yaweza kuwa ya zaidi, na kila mke ana haki zake. Sikushauri mitala, Mungu apishe mbali. Nasema tu kwamba huu mpango wake una ruhusa zote za mitala na hauna wajibu hata mmoja.

Tuje kwenye kitabu, kwa sababu sitaki ukitupe kwa hasira za benchi. Kilitoka mwaka 1949, juzuu mbili, karibu kurasa 1,000. Wanawake wa Ufaransa walikuwa ndio kwanza wamepiga kura mara ya kwanza mwaka 1945. Watu walikinunua kama mkate, watu wakakitukana, na mwaka 1956 Vatikani ikakiweka kwenye orodha ya vitabu vilivyokatazwa. Wewe umeishia kurasa 100, na hizo za mwanzo ni za biolojia na mambo mazito. Ruka. Nenda juzuu ya pili, sura ya mwanamke aliyependa. Huko ndiko dirisha lako liliko. Anaeleza mwanamke ambaye amenyimwa mradi wake mwenyewe duniani, akamfanya mwanamume kuwa mradi. Anasoma anachosoma mwanamume wake, anamngoja, na huo utumwa anauvisha jina la mapenzi. Wala hamlaumu sana. Anasema ukimfungia mtu njia nyingine zote, hii moja ataiita mbingu. Kisha anaandika sentensi ambayo nilikuwa nawaandikisha wanafunzi wangu wa kidato cha 6, wavulana kwa wasichana: siku mwanamke atakapoweza kupenda kwa nguvu zake na si kwa udhaifu wake, si kwa kujikimbia bali kwa kujipata, siku hiyo mapenzi yatakuwa kwake, kama yalivyo kwa mwanamume, chemchemi ya uhai na si hatari ya kufa.

Sasa ile nukuu yake. Mimi ni mwalimu wa lugha, niruhusu nisahihishe. Beauvoir hakusema mtu "hufanywa" mwanamke. Kitenzi chake ni kuwa: mtu hazaliwi mwanamke, huwa mwanamke. Mwenzako amekiweka katika kauli ya kutendwa. Tofauti si ndogo, maana katika "huwa" upo mkono wa jamii na upo pia mkono wako. Wala wazo lenyewe lisingemshangaza bibi yeyote wa kusini kwetu. Kama watu wangezaliwa wanawake, kungwi angekuwa na kazi gani? Mwari anawekwa ndani kwa nini? Anachezwa, anafundwa, anatolewa, na siku anatoka ndipo wanasema sasa ni mwanamke. Beauvoir anauliza tu, nani alitunga mafunzo hayo, na kwa nini somo lote linahusu namna ya kuishi na mwanamume. Na hoja hiyo ina makali pande zote mbili. Kama wivu wako umefundishwa, basi naye kuna mahali alikofundishwa kwamba Jumamosi ya mwanamke ni saa za kupanga tanbihi zake. Mbona hataki kufundishwa upya ili hilo nalo limtoke?

Kauli ya kutendwa imenikumbusha jingine. Katika sura ya ndoa Beauvoir analalamika kwamba mvulana huoa, anachukua mke, na msichana hutolewa na wazazi wake. Alihitaji sentensi ndefu kueleza. Sisi tunayo katika herufi chache tu, kuoa na kuolewa, na mwanamke akisema "nimeoa" watu wanamcheka. Ila Kiswahili kimetupa pia kiambishi ambacho nina hakika angekionea wivu: oana, pendana, juana, ambiana. Anaposema mapenzi ya kweli yanahitaji watu wawili huru kutambuana, kila mmoja amwone mwenzake kuwa mtu kamili mwenye safari yake, ni hiyo -ana anayoitafuta kurasa 1,000. Nimeipitia barua yako kwa kalamu nyekundu, mazoea ya kazi. Umekalishwa, umesimuliwa, umenukuliwa. Kitenzi kimoja tu ndicho chenye -ana na wewe ndani yake: "tukakubaliana" tumalize ya kwake kwanza.

Harusi? Oa, mwanangu, yaani olewa, yaani oaneni, na shela juu. Humsaliti mtu. Ndoa aliyoikataa Beauvoir ilikuwa ya Ufaransa ya wakati ule, ambako hadi sheria ya Julai 1965 mume aliweza kumzuia mkewe kufanya kazi, na mke hakuweza kufungua akaunti ya benki bila idhini ya mumewe. Sheria yetu ya 1971, pamoja na kasoro zake, inampa mke haki ya kuwa na mali yake kwa jina lake kama mumewe. Vigelegele vya mama yako havimfungi mwanamke. Kinachofunga ni kufika ukumbini ukiwa huna chochote kinachoendelea maishani isipokuwa yeye.

Kwa hiyo nisingeanza na kukubali wala kukataa mkataba. Ningeanza na wikiendi hii. Tasnifu ikija, irudishe bila kugusa hata nukta, kwa upole, mwambie una kazi zako. Usinune, usihubiri. Angalia tu anasemaje, kwa sababu mtu anayekutaka uwe huru atauliza kazi gani, na anayekutaka uwe wa lazima atauliza nani sasa atapanga marejeo.

Pili, mama aambiwe, lakini si na wewe. Mwenzako anaamini katika kutofichana. Vizuri sana. Amchukue mshenga wake, waje Morogoro, wakae kwenye viti vilevile, awaeleze wazee waliopokea ile nusu kwamba binti yao atakuwa wa lazima na kutakuwa na wengine wa kupita. Aeleze kwa Kiswahili. Kama akishindwa, utakuwa umejua kwamba kanuni hiyo haina ujasiri wa kuvuka daraja la Ruvu. Kama akiweza, nitamvulia kilemba, na bado unaweza kusema hapana. Beauvoir alimkataa Sartre akiwa anampenda, akamkataa Algren akiwa anampenda zaidi, na hakumwomba yeyote kati yao amthibitishie kwamba yeye ni wa kisasa.

Fomu ya uhamisho iache kwenye droo ilipo. Ila kuna jambo nimelitafuta katika barua yako yote nisilione. Umeniambia tasnifu yake inakula siku zako zipi, begi lake lilikuwa na uzito gani, mshenga wake amekaa mara ngapi. Chuo kimekuandikia tena kuhusu uzamili wako, na hukuniambia mwisho wa kujibu ni lini.